Je, Agano Jipya Limelivunja la Kale?



Kila mwaka katika darasa la Kipaimara huzuka swali ambalo mwalimu hulijibu haraka haraka ili arudi kwenye Katekisimo. Swali ni hili: ikiwa Mungu alifanya agano na Ibrahimu, na tena kwa mkono wa Musa, kisha akafanya jingine nasi katika Yesu Kristo, je, lile la kwanza alilivunja? Na kama alilivunja, tutajuaje kwamba hili letu nalo hatalivunja siku moja, akiona watu wengine wanaompendeza kuliko sisi? Kijana aulizapo hivyo hamdhihaki mtu. Anauliza jambo ambalo babu zake wangeliuliza kabla ya kupokea ng'ombe wa mtu yeyote: huyu anayetuahidi leo, neno lake la jana amelitendeaje?

Swali hili ni zito kila mahali, lakini kwetu sisi wa Karatu na Ngorongoro lina uzito wake wa pekee, kama nitakavyoeleza. Nisingependa tulijibu kwa kusema tu kwamba la kale limepita. Jibu hilo ni fupi, na ufupi wake ni hatari.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimetupa zawadi katika neno "agano". Limetoka katika kuaga, na kuagana ni mambo mawili kwa pamoja: kupeana ahadi, na kupeana kwaheri. Watu wanaotengana njia panda huagana, na watu wanaopatana juu ya jambo nao huagana. Nadhani kuna hekima humo. Ukiwa mbele ya macho yangu sihitaji agano sana, maana nitakuona ukitenda au usipotenda. Agano ni kwa ajili ya siku ile utakapokuwa mbali, au umekufa, na mwanao ameketi katika kiti chako, nami sina cha kushika ila neno lako.

Tena, waliofasiri Biblia yetu hawakuiita sehemu ile ya kwanza "Agano Kuukuu". Waliiita "Agano la Kale". Kitu cha kale chaweza kuwa na heshima kubwa. Watu husafiri mbali kwenda kukitazama. Kitu kikuukuu ni shuka iliyochakaa ambayo mama huichana ili apate kitambaa cha kufutia meza. Hata hivyo mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika 8:13, analitumia neno la ukuukuu juu ya agano la kwanza, wala Biblia yetu haikumficha. Basi tunayo maneno mawili, kale na kuukuu, nasi hatuna budi kuuliza ni kitu gani hasa kilichochakaa. Ni ahadi ya Mungu, au ni kitu kingine?

Watu wa nchi hii hawakungoja mmisionari awafundishe maana ya agano. Mwingereza A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905, alieleza jinsi walivyofanya amani na adui zao. Wazee walitwaa ng'ombe mwenye ndama na mwanamke mwenye mtoto mchanga, na upande wa pili nao wakafanya vivyo hivyo. Wakakutana mahali palipokubaliwa, kila mtu ameshika majani mkononi mwake wa kuume. Ng'ombe wakabadilishwa. Kisha mtoto wa adui akanyonyeshwa na mama wa Kimasai, na mtoto wa Kimasai akanyonyeshwa na mama wa upande ule mwingine.

Fikirini jambo hili, hasa ninyi kina mama. Kwingineko watu walichanjiana wakaonjana damu, na waliofungwa ni wale wawili waliochanjana. Hapa waliofungwa ni watoto ambao hawakuulizwa neno, wala hawajui kusema. Maziwa ya adui yameingia tumboni mwao nayo hayatoki. Mtoto yule akikua akashika mkuki, hawezi kusema kwamba mapatano yale yalikuwa ya baba zake, yeye hayamhusu.

(Nitamke neno moja pembeni. Wengi wetu bado huwaita ndugu zetu Wadatoga "Wamang'ati". Wao hawajiiti hivyo. Ni neno la Kimasai la kumwita adui, nasi tumelipokea tukalitumia sokoni na hata kanisani kana kwamba ni jina la watu. Ingefaa tuliache.)

Sasa fungueni Mwanzo 15. Ibrahimu anawapasua wanyama vipande viwili na kuvipanga, kila kipande kuelekea mwenzake. Desturi ya nyakati zile ilikuwa kwamba wanaoagana hupita katikati ya vile vipande, kana kwamba wanasema: nami nipasuliwe hivi nikilivunja neno langu. Yeremia 34:18 yaonyesha desturi hiyo ilikuwapo hata zama zake. Lakini usiku ule Ibrahimu hakupita. Alishikwa na usingizi mzito, na kitu kilichopita kati ya vipande ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Mungu alipita peke yake. Mwenye nguvu alijifunga, na yule dhaifu alikuwa amelala. Tafadhali lishikeni jambo hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Katika Kutoka 24 mambo ni tofauti. Pale Sinai watu wako macho kabisa. Musa anawasomea kitabu, nao wanajibu kwa sauti moja kwamba watayatenda yote, naye anawanyunyizia damu. Baada ya siku arobaini tu walikuwa wakicheza mbele ya ndama wa dhahabu.

Basi kwa nini nasema swali letu ni zito zaidi kwa watu wa huku? Ni kwa sababu neno "jipya" limekwisha kuharibika masikioni mwetu. Mtu akodishaye shamba la vitunguu kule Mang'ola ajua kwamba mwenye shamba akija na mkataba mpya, hakuja kuipunguza kodi. Watoto wetu shuleni husoma habari za Mangungo wa Msovero, ambaye mwaka 1884 alitia alama yake katika karatasi ya Carl Peters asiyoweza kuisoma, na nchi ikaenda. Na wenzetu wa Ngorongoro wana historia yao wenyewe, ambayo wazee wao huihesabu kwa miaka kama sisi tuhesabuvyo wafalme wa Yuda.

Nitaieleza kwa ufupi kwa ajili ya vijana. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa, mipaka yake iliziingiza nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na wafugaji waliokuwamo. Yakazuka mabishano makubwa. Mwezi wa Aprili 1958 wazee 12 wa Kimasai walikubali kwa maandishi kuondoka Serengeti, na makao yao yawe Ngorongoro, ambako waliahidiwa kusaidiwa kupata maji kwa mifugo. Mwaka 1959 sheria ikaitenga Ngorongoro kuwa eneo la pekee, lenye ukubwa wa kilometa za mraba kama 8,300, watu na ng'ombe na wanyama wa porini wakae humo pamoja. Mwaka ule ule Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamasai kwamba, ikiwa faida ya wanyama itagongana na faida ya wakaaji, ya wakaaji ndiyo itakayotangulia.

Hiyo ndiyo kale yao. Kisha yalikuja mapya. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa, mwaka 1992 kikaruhusiwa, na mwaka 2009 kikakatazwa tena. Tangu mwezi wa Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika nyumba na mashamba yaliyotayarishwa na Serikali. Wako wanaosema walikwenda kwa hiari yao nao wanashukuru. Wako wanaosema hawakuwa na la kuchagua.

Sikuandika haya ili kuhukumu shauri ambalo si la gazeti la parishi kulihukumu, na haki yataka tuseme pande zote. Mwaka 1959 wakaaji walikuwa kama 8,000. Miaka ya karibuni hesabu ya Serikali imepita 100,000, na nyasi hazikuongezeka kwa kadiri ile. Wala Wamasai wenyewe hawakuikuta nchi tupu. Wadatoga walikaa Ngorongoro kabla yao, wakaondolewa kwa mkuki katika karne ya 19, na mpaka leo wanayaheshimu makaburi ya wakuu wao waliolala kule. Hakuna kabila hapa lisilo na jambo la kukumbuka na jambo la kunyamazia.

Ninalotaka mlione ni moja tu. Mzee aliyekuwa kijana mwaka 1959, akisikia mhubiri akitangaza kwa furaha kwamba lile la kale limepita na sasa kuna agano jipya, je, atasikia Habari Njema? Au atasikia sauti aliyokwisha kuisikia mara nyingi? Yeye amejifunza kwamba "jipya" ni neno la mwenye nguvu aliyechoka na ahadi yake. Tukimhubiri Mungu wa namna hiyo, tumemhubiri mfalme mwingine tu.

Biblia nayo yajua habari za ahadi zilizorithiwa zikachukiza. Katika Yoshua 9 Wagibeoni waliwadanganya Waisraeli kwa viatu vilivyochakaa na mkate ulioota ukungu, wakaapiwa kwamba wataishi. Udanganyifu ulipojulikana, wakuu wa Israeli hawakusema kiapo kimetanguka. Walisema wameapa kwa BWANA, basi hawawezi kuwagusa. Vizazi vikapita. Sauli akaja, naye katika bidii yake kwa ajili ya Israeli akawaua Wagibeoni. Bila shaka alikuwa na sababu nzuri za maendeleo ya taifa. Njaa ikaja miaka mitatu, na haikuja zama za Sauli, ilikuja zama za Daudi, mtu ambaye hakuapa wala hakuua (2 Sam. 21). Mwisho wa habari ile ni wa kuogofya, nami sidhani umeandikwa ili tuuige. Lakini swali la kama mwana amefungwa na neno la baba yake limejibiwa pale. Musa naye alikwisha kusema katika Kumbukumbu 29 kwamba agano halikufanywa na waliosimama pale tu, ila pia na wale ambao hawakuwapo siku ile.

Jambo linalonishangaza zaidi ni hili. Nabii aliyetuletea maneno "agano jipya" ni Yeremia, katika sura ya 31. Ukigeuza kurasa chache tu, sura ya 34, unamkuta nabii yule yule amewaka hasira. Mfalme Sedekia na watu wa Yerusalemu walikuwa wameagana kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, wanaume kwa wanawake. Wakawaacha. Kisha hatari ya vita ilipopungua kidogo wakageuka, wakawashika tena. Nabii wa agano jipya hakuona kwamba hilo nalo ni agano jipya. Aliliita kwa jina lake: kulinajisi jina la Mungu.

Basi upya wa agano analotangaza Yeremia ni wa namna gani? Someni 31:31-34 taratibu. Watu ni wale wale, nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Mungu hakutafuta wengine mahali pao. Sheria ni ile ile, ila imehamishwa kutoka kwenye mawe ikaandikwa mioyoni. Ahadi ni ile ile, kwamba yeye atakuwa Mungu wao nao watakuwa watu wake. Waliovunja wametajwa waziwazi, nao si Mungu. Upya uko katika hili, kwamba Mungu anachukua juu yake lile ambalo watu walishindwa kulichukua. Pale Sinai walisema tutatenda, wasitende. Sasa yeye anasema atatenda: ataandika, atasamehe, hataikumbuka dhambi.

Mwandishi wa Waebrania ayanukuu maneno hayo ya Yeremia kwa urefu kuliko andiko lolote la kale linukuliwavyo katika Agano Jipya. Ukimfuata vizuri utaona kilichochakaa kwake ni nini. Ni makuhani wanaokufa na kupokezana, hema iliyofanywa kwa mikono, damu ya mafahali na mbuzi ambayo kila mwaka ililazimu kumwagwa tena. Kuhusu ahadi yenyewe, katika sura ya 6 anasema kinyume kabisa: Mungu alimwapia Ibrahimu kwa nafsi yake, wala hawezi kusema uongo, na hiyo ndiyo nanga ya roho zetu. Mtu hawezi kuifanya ahadi kuwa nanga katika sura ya sita na kuitupa jalalani katika sura ya nane. Na Paulo, aliyehuzunika sana kwa ajili ya ndugu zake Wayahudi, aliandika katika Warumi 11:29 kwamba karama za Mungu na mwito wake hazina majuto.

Kanisa liliwahi kujaribiwa juu ya jambo hili mapema sana. Mtu mmoja aitwaye Marcion, tajiri mwenye merikebu, alitaka Wakristo walitupe Agano la Kale lote na Mungu wake pia. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144, likamrudishia na fedha nyingi alizokuwa amelitolea. (Ni makanisa mangapi leo yangerudisha?) Nasi Waanglikana tunayo Makala ya 7 katika zile 39, inayosema kwamba Agano la Kale halipingani na Jipya, kwamba uzima wa milele watolewa kwa Kristo katika yote mawili, na kwamba amri za ibada za Musa hazitufungi ila amri za mwenendo mwema hakuna Mkristo aliye huru nazo. Jirani akikuuliza kwa nini wala nyama fulani au hushiki siku fulani, hapo pana jibu la kutosha, wala sitakaa juu yake.

Sasa rudini kwenye usiku ule wa Ibrahimu. Mungu alipita peke yake kati ya vipande, akasema kwa moto kwamba mapasuko na yawe juu yake. Watu wakavunja. Nani basi alipasuliwa? Usiku ule Bwana wetu alipotwaa kikombe akakiita agano jipya katika damu yake (Luka 22:20), yeye hakuwa upande uliokosa. Upande usiokosa ndio uliolipa. Hapa ndipo napata jibu la kijana wa darasa la Kipaimara. Mwenye nguvu wa dunia hii aletapo mapatano mapya, angalia gharama inaangukia nani. Mara nyingi humwangukia yule mdogo. Katika Kristo gharama ilimwangukia Mwenye agano. La kale halikuvunjwa na Mungu. Lililipiwa.

Ikiwa ni hivyo, kuna jambo karibu nasi ambalo yatupasa kulitazama tena, nalo ni la ndoa.

Katika nchi hii, kwa Wamasai, kwa Wadatoga, hata kwa Wairaqw wengine, mtu mzima aweza kuisikia Injili akiwa na wake wawili au watatu, ambao aliwaoa kwa haki yote ya mila zake, mbele ya wazee, kwa ng'ombe. Afanyeje? Maaskofu wetu wa Kianglikana walipokutana Lambeth mwaka 1888 waliamua kwamba mtu mwenye wake wengi asibatizwe. Akae katika mafundisho mpaka atakapokuwa katika hali ya kuipokea sheria ya Kristo. Walijua kwamba kanuni hiyo yaweza kuwaumiza watu, nao hawakuichukulia kwa wepesi. Lakini katika mahali pengi maana yake ilikuwa kwamba atakaye maji ya ubatizo amwondoe mke wa pili na wa tatu.

Askofu John William Colenso wa Natal, Afrika ya Kusini, alikuwa amekwisha kupinga hayo. Mwaka 1862 alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitetea kwamba kuwalazimisha watu kuwaacha wake zao ni dhuluma kwa wanawake na watoto. Colenso alikuja kuingia katika matatizo makubwa kwa ajili ya mafundisho yake mengine, na labda ndiyo sababu katika hili nalo hakusikilizwa. Mtu akikosea mahali pamoja, sisi huona rahisi kuziba masikio kwa yote.

Ilichukua miaka mia moja kamili. Lambeth ya mwaka 1988, katika azimio la 26, maaskofu walisema tena kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kisha wakashauri kwamba mtu mwenye wake wengi aipokeaye Injili aweza kubatizwa na kupewa Kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu yuko hai yeyote wa wale aliokuwa nao alipoongoka, jumuiya ya Waanglikana wa mahali pake ikubali, wala asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo.

Wako waumini wema ambao azimio hili liliwakwaza, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema ndoa ya Kikristo italegea. Wanasema kijana atafanya hesabu: nioe wawili kwanza, kisha nibatizwe. Hesabu hiyo haiwezekani kwa kijana aliyelelewa kanisani, maana mlango umefunguliwa kwa yule tu aliyeoa kabla ya kuamini. Na juu ya kulegea kwa ndoa, naomba tuitazame kwa macho ya mke wa pili. Yeye naye aliagana. Aliacha boma la baba yake, akazaa, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe kama mila inavyotaka. Malaki 2:14 yamwita mke kuwa mke wa agano, na kusema kwamba BWANA mwenyewe alikuwa shahidi. Mume wake akiingia katika agano jipya kwa kumtoa yeye nje, ni nani aliyelipa gharama ya ubatizo ule? Ng'ombe zilikwisha kuliwa, baba yake huenda amekufa, na watoto ni wa mume. Mume anapewa jina jipya na cheti. Mwanamke anapewa njia ya kurudi.

Kwa hiyo mimi nasimama na maaskofu wa 1988. Wala sisemi kwamba mambo yamekuwa mepesi. Mara nyingine mke mkubwa, aliyeamini zamani na kuombea nyumba ile miaka mingi, ndiye anayeona amenyimwa haki. Mara nyingine mke mdogo mwenyewe ataka kwenda zake, na hapo sijui kwa nini Kanisa limshike kwa nguvu. Sharti lile la pili, kwamba jumuiya ya mahali ikubali, laonekana kama neno dogo la utaratibu, kumbe ndilo gumu kuliko yote. Lataka waumini wakae chini na watu wale, wasikie habari zao mmoja mmoja, kisha wawapokee wote mezani bila kuwanong'ona. Kufukuza ni kazi ya dakika tano.

Nimekuwa nikifikiri namna ya kukaa huko ingekuwaje, nami nimekumbuka habari ya Padre Vincent Donovan, mmisionari Mkatoliki aliyefanya kazi kwa Wamasai wa upande wa Loliondo katika miaka ya 1960, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1978. Wamasai wale walipoanza kuadhimisha Ushirika Mtakatifu vijijini mwao, waliyaleta majani yale yale ambayo Hollis aliyataja, majani ya amani. Siku ya ibada, konzi ya majani ilipita kwa watu kabla ya mkate na kikombe, mtu akimpa mwenzake, boma kwa boma. Aliyepokea alisema kwa kupokea kwake kwamba hana neno na yule aliyempa. Padre hakuweza kujua mapema kama ibada itafika mwisho wake. Kama mtu au nyumba moja ilikataa kuyapokea majani, Ushirika haukufanyika siku ile, na watu walirudi majumbani.